Dhahabu ya Kilwa Mjini Lisbon

 Mazungumzo yetu ya leo yahusu siku moja ya matembezi katika mji wa Lisbon, mji mkuu wa Wareno, nami nimeuchagua mji huo, nikaiacha London na Paris ambazo habari zake zimesimuliwa hata zikachujuka, kwa sababu hakuna mji katika Ulaya yote ambao mawe yake yamefungamana na tarikhi ya pwani yetu kama yalivyofungamana mawe ya mji ule. Mtu wa Kilwa, wa Malindi au wa Mombasa akizuru Lisbon, huwa amezuru, apende asipende, mahali ambapo mambo ya wahenga wake yaliamuliwa na watu ambao hawakupata kuonana nao, na kwa hiyo yampasa aende kama mrithi anayekwenda kukagua daftari la madeni ya zamani, si kama mtalii wa kupiga picha na kurudi hotelini.

Siku yetu ilianza mapema ukingoni mwa mto Tejo, ambao hapo mjini hupanuka hata mgeni akadhani ni ghuba ya bahari, katika uwanja mkubwa uliozungukwa pande tatu na majumba ya rangi ya manjano yenye baraza za matao. Mwenyeji wangu, mzaliwa wa Kisiwa cha Msumbiji aliyelowea huko miaka mingi, alinionya kwamba ramani huuita uwanja huo Praça do Comércio, yaani Uwanja wa Biashara, lakini wenye mji wangali wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, ingawa kasri lenyewe limetoweka tangu miaka zaidi ya 250 iliyopita. Mfalme Manuel wa Kwanza alilijenga kasri hilo kando ya maji ili awe jirani wa ghala zake, na ndani ya majengo hayo ilikuwamo Casa da Índia, idara iliyoshika biashara yote ya Wareno katika Bahari ya Hindi, ambamo pilipili, mdalasini, pembe za ndovu na dhahabu zilipimwa, zikaandikwa na kutozwa ushuru kabla ya kuuzwa kwa mataifa mengine.

Katika idara hiyo alitumikia kwa muda wa miaka 30 na zaidi mtu mmoja aitwaye João de Barros, ambaye wasomi wetu wamjua vyema, kwani ndiye aliyechapisha mwaka 1552 sehemu ya kwanza ya tarikhi yake ya mambo ya Asia, na ndani yake akatia muhtasari wa habari za wafalme wa Kilwa, aliouchota katika maandishi ya Kilwa yenyewe yaliyomfikia mezani pake. Hata leo, atakaye kujua nasaba ya masultani wa Kilwa hutegemea hasa nakala mbili, moja ya Kiarabu ambayo imehifadhiwa London, na nyingine hii ya karani mkuu wa ushuru wa Lisbon, ambaye hakupata kuiona Kilwa hata kwa mbali. Ni jambo la kustaajabisha, nalo latia uchungu kidogo, kwamba mkono uliokuwa ukihesabu mali iliyotoka kwetu ndio huo huo uliotuhifadhia majina ya wafalme wetu.

Kasri, idara na maktaba ya mfalme, vyote viliangamia kwa siku moja. Tarehe 1 Novemba mwaka 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, yapata saa tatu u nusu asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa imewashwa kila madhabahu, ardhi ilitikisika mara kwa mara hata matao yakawaangukia waliokuwa wakisali. Walionusurika wakakimbilia ukingo wa mto wakidhani uwazi ule ni salama, wakaona maji yamejivuta nyuma, kisha yakarejea kwa mawimbi makubwa yakawakumba. Na ambavyo havikubomolewa na mtetemeko wala kuchukuliwa na maji viliteketea kwa moto uliowaka siku kadhaa. Waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markizi wa Pombal, aliujenga upya mtaa wote wa chini kwa njia zilizonyooka, na ndani ya kuta za nyumba mafundi wake wakatia viunzi vya mbao vilivyofumwa kwa misalaba, ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Husimuliwa kwamba viunzi hivyo vilijaribiwa kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuvizunguka. Atakaye kuona msiba ule ulivyokuwa na ainue macho akiwa uwanja wa Rossio, atayaona juu ya kilima magofu ya kanisa la Carmo, ambalo halikuezekwa tena tangu siku hiyo, na matao yake yamesimama chini ya anga tupu.

Kuhusu mtaa wa Alfama na ngome ya São Jorge sitasema mengi, kwani kila kitabu cha wasafiri kimeyasema, isipokuwa jambo moja ambalo vitabu hivyo hulipita mbiombio. Lisbon ulikuwa mji wa Waislamu kwa muda wa karne nne, hata mwaka 1147 ulipotwaliwa na mfalme Afonso Henriques akisaidiwa na wapiganaji wa Msalaba waliokuwa safarini kwenda Sham, na kanisa kuu la mji, liitwalo Sé, lilijengwa mahali pa msikiti. Basi Wareno walipofika pwani yetu na kuona minara na kusikia adhana, hawakuwa wanaona jambo geni. Walikuwa na mazoea ya karne nyingi ya kupigana na watu wa dini hiyo, na mazoea hayo waliyapakia merikebuni pamoja na mizinga. Vilima vya mtaa wa Alfama, niwaarifu wenye magoti mabovu, ni vikali mno, na mawe yake yamesuguliwa na nyayo hata yakawa yanateleza. Mwenye busara hupanda kwa tramu na kushuka kwa miguu.

Tuliposhuka tulipita Largo de São Domingos, uwanja mdogo mbele ya kanisa lililoungua ndani mwaka 1959 na kuachwa na makovu yake makusudi. Hapo hukutana wana wa Afrika waishio Lisbon, hasa watu wa Guinea-Bissau, wamesimama makundi makundi wakipeana habari za nyumbani, na kina mama wameketi pembeni na bidhaa zao. Hapo hapo limewekwa jiwe la ukumbusho, tangu mwaka 2008, la Wayahudi waliolazimishwa Ukristo kisha wakauawa na kundi la watu wenye ghadhabu mwezi wa Aprili mwaka 1506. Nawaomba wasikilizaji wauweke moyoni mwaka huo wa 1506, maana tutakutana nao tena kabla jua halijatua.

Kutoka hapo tulipanda tramu inayofuata mto kuelekea magharibi, tukafika Belém, mahali ambapo misafara ya merikebu ilikuwa ikingʼoa nanga. Zamani palikuwa na kikanisa kidogo cha mabaharia, na humo ndimo Vasco da Gama na watu wake walimokesha wakisali kabla ya kusafiri mwezi wa Julai mwaka 1497. Mahali pa kikanisa hicho mfalme Manuel aliamuru ijengwe nyumba kubwa ya watawa wa shirika la Mtakatifu Jeromu, na ujenzi ukaanza mapema katika karne ya 16 chini ya fundi Diogo Boitaca, ukaendelezwa na João de Castilho na wengine kwa muda wa miaka mia hivi. Jengo hilo halikuanguka mwaka 1755, nalo ni zuri kupita kiasi. Nguzo zake za ndani hupanda nyembamba kwenda juu kisha hutawanyika kuishika dari, na kila jiwe limechongwa kamba za merikebu, matumbawe, mafundo na majani ya nchi za mbali. Nimeona makanisa mengi Ulaya, na sikuona ambalo waashi wake walikuwa na furaha ya kazi iliyo dhahiri namna hii.

Walakini furaha hiyo iligharimiwa na nani? Jawabu haikufichwa. Gharama za ujenzi zilitoka katika kodi ya asilimia 5, ambayo Wareno waliiita kodi ya pilipili, iliyotozwa juu ya biashara ya Afrika na Mashariki. Mfalme Manuel mwenyewe amezikwa humo, upande wa madhabahu, katika kaburi lililobebwa na ndovu wawili wa marumaru, na karibu na mlango, kulia na kushoto, yako makaburi mawili yaliyochongwa karne ya 19, moja la Vasco da Gama na la pili la mshairi Luís de Camões. Vasco alifia Cochin, huko Uhindini, Desemba mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishwa zaidi ya mara moja kabla ya kuwekwa hapo. Camões ndiye aliyetunga utenzi mkuu wa Wareno, uliochapishwa mwaka 1572, ambamo Mombasa imechorwa kuwa mji wa hila na Malindi mji wa ukarimu. Na sisi tunaojua ushindani wa miji hiyo miwili twaelewa kwamba mshairi aliandika aliyosimuliwa na upande mmoja. Mwenyeji wangu, ambaye kisiwani kwao Camões aliwahi kukaa kwa ufukara mkubwa akingoja nauli ya kurudi kwao, alilitazama kaburi lile la fahari akasema, “Laiti wangalimpa sehemu ya gharama hii alipokuwa hai!”

Tulisimama kwa muda mrefu mbele ya Vasco. Wageni walikuwa wakipita, wakigusa mikono ya sanamu yake iliyokunjwa kwa sala, na mwongozaji mmoja alikuwa akiwaeleza watu wake habari za ushujaa na dhoruba. Maelezo hayo si ya uongo, kwani ushujaa ulikuwapo na dhoruba zilikuwapo. Lakini hakuwaambia habari ya Oktoba mwaka 1502, katika safari yake ya pili, ambapo mtu huyo huyo aliisimamisha merikebu iliyokuwa imewachukua mahujaji waliotoka Makka, wanaume, wanawake na watoto, mamia kwa mamia, akaipora kisha akaitia moto pamoja na waliokuwamo. Na habari hii hatukuipata kwa adui zake, bali iliandikwa na Wareno wenyewe na wenzao wa safari. Wala hakuwaambia ya Kilwa, miezi michache kabla ya hapo, ambayo nitayafikia.

Ng’ambo ya barabara, ukingoni mwa mto, umesimama mnara wa saruji na mawe wa mwaka 1960, umbo la merikebu iliyotweka matanga, na juu yake wamepangwa watu zaidi ya 30, mbele yao mwanamfalme Henrique. Mnara huo ulijengwa kwanza kwa vifaa vya muda mwaka 1940, kwa maonyesho ya serikali ya dikteta Salazar, na kwa maoni yangu ungaliachwa uvunjike, kwani hauna hata chembe ya ule uchangamfu wa waashi wa karne ya 16. Ni hotuba ya serikali iliyogeuzwa jiwe. Wamo manahodha, makasisi, wachora ramani, na yumo hata João de Barros wetu wa idara ya ushuru. Ambaye hayumo ni yule rubani aliyetolewa na sultani wa Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, akawavusha Vasco na watu wake kwenda Calicut kwa muda usiotimia mwezi. Umuhimu wa mtu huyo wapimika kwa safari yao ya kurudi, ambayo waliifanya bila yeye na nje ya majira ya pepo: walitaabika baharini karibu miezi mitatu, wakazika majini watu kama 30, na walipofika pwani yetu hawakubaki na mabaharia wa kutosha, hata ikawabidi waichome moto merikebu yao moja, São Rafael, karibu na pwani ya Tanga. Mchongaji aliyepata nafasi ya kuweka watu 30 na zaidi hangaliona dhiki ya kumtia mmoja zaidi.

Mnara wa kale wa Belém, uliojengwa kati ya miaka ya 1514 na 1520 kulinda mlango wa mto, tuliutazama kwa nje tu, tukakitafuta na kukiona kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kibanda chake kimoja. Kisha tukaingia dukani tukala vile vikeki vidogo vya kastadi ya mayai ambavyo vimepikwa hapo tangu mwaka 1837, tukavinyunyizia mdalasini. Ni vitamu kweli kweli, wala sitavitafutia lawama.

Alasiri tulirudi upande wa mjini, tukashuka njiani penye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, katika njia iitwayo Rua das Janelas Verdes. Watalii wengi hawafiki humo, kwa kuwa jumba limesimama kando ya njia zao, na wafikao huikimbilia picha ya kutisha iliyochorwa na Bosch. Sisi tulikwenda moja kwa moja kwenye vyumba vya dhahabu na fedha, na humo, ndani ya kabati la kioo, ndimo kilimo chombo nilichotoka kwetu kukitazama.

Ni monstransi, yaani chombo ambamo Wakatoliki huiweka ostia takatifu ili waumini waiabudu, nacho chapata sentimita 73 kwa urefu. Kimefanywa kwa dhahabu iliyopambwa kwa rangi za kioo cha kuyeyushwa, nyekundu, buluu, nyeupe na kijani. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka ostia, kila mmoja mdogo kuliko kidole, na kila mmoja ana sura yake. Juu yao ananingʼinia njiwa mweupe, na juu zaidi ameketi Mungu Baba kwa kadiri ya taswira zao. Kwenye mguu wa chombo yamewekwa matufe ya falaki, alama ya mfalme Manuel, kudai kwamba ulimwengu u mkononi mwake. Sonara aliyekifanya ni Gil Vicente, na wengi husema ndiye yule yule mtunzi mkubwa wa michezo ya kuigiza ya Kireno. Na kwenye ukingo wa tako lake pamezungushwa maandishi ya kusema wazi kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506.

Kodi hiyo ilipatikana hivi. Julai mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na kundi kubwa la merikebu za vita, akamtisha Amiri Ibrahim, aliyekuwa akiutawala mji, kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kila mwaka, mji utapigwa mizinga na kuchomwa. Amiri alilipa, wanatarikhi wengi wameandika mithkali 1,500 za dhahabu. Mzigo huo ulifika Lisbon mwaka 1503. Mtu atadhani kwamba mji uliolipa ulinunua amani yake, lakini Julai mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida na msafara mwingine, akadai kwamba kodi haikuendelezwa, akaishambulia Kilwa, askari wake wakaipora nyumba kwa nyumba, akajenga ngome na kumweka mtawala amtakaye, kisha akasonga mbele akaichoma Mombasa. Kwa hiyo sonara alipokuwa akiwapaka mitume wake rangi za mwisho, mji uliotajwa katika maandishi yale ulikuwa umekwisha kuporwa. Na katika mwaka ule ule wa kumalizika kwake, damu ya Wayahudi ilimwagika katika uwanja tuliopita asubuhi.

Sitaki nidhaniwe kuwa nasimulia kisa cha wezi na waliodhulumiwa tu. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa Sofala, na masultani wa Kilwa walitajirika kwa kuitoza ushuru wao njiani, wakajengea Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, katika mji ambao Ibn Battuta aliusifu uzuri wake alipofika mwaka 1331. Mchimbaji aliyeinama shimoni hakutajwa Kilwa wala Lisbon. Lakini kati ya yote niliyoyaona siku ile, kasri lililotoweka, kanisa la kodi ya pilipili, makaburi ya fahari, mnara wa matanga ya saruji, ni kile chombo kidogo peke yake kilichokiri kwa kinywa chake mali yake ilitoka wapi. Waandishi wa maneno yale walikusudia kujifaharisha, hapana shaka, nasi twaweza kuyapokea kama hati ya ushahidi iliyotiwa sahihi na mdaiwa.

Je, kirudishwe? Mwenyeji wangu alisema naam, papo hapo. Mimi naona neno hilo lina uzito, maana dhahabu ni ya huku lakini kazi ya mkono na ibada ni za huko, na chombo cha misa hakingekuwa na mahali pake katika msikiti wa Kilwa. Ninaloliona kuwa la haki, na lisilo gumu, ni kwamba wakuu wa makumbusho yetu wakiombe kwa azima ya miezi michache, kioneshwe Dar es Salaam au Kilwa Masoko, ili watoto wa shule walisome jina la mji wao lilivyoandikwa kwa dhahabu; na Wareno, ambao nimewaona ni watu wapole na wenye aibu njema juu ya mambo ya zamani, sidhani kwamba watakataa wakiombwa kwa adabu.

Nanyi wasikilizaji, mwenye nauli ya mashua na aanze na Kilwa Kisiwani, ambayo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, auone Msikiti Mkuu na Gereza, ajue kilichokuwapo. Kisha, akijaliwa kufika Lisbon, asimalize siku yake Belém, bali afike Janelas Verdes kabla ya saa kumi na mbili jioni, wala asiende Jumatatu, kwani siku hiyo milango hufungwa.